Suti Iliyobaki Ndani ya Kabati

Jumatano ya mwisho ya Agosti mwaka jana, mchana, madalali wa korti walibeba kabati letu kutoka nyumbani kwangu hapa Umoja. Ndani yake mlikuwa na suti ya mume wangu. Tulikuwa tumzike Ijumaa.

Mnisamehe, sijazoea kusimama mbele ya watu. Mama mwenyekiti wa kikundi chetu ameniomba niseme, na nitasema kama yalivyokuwa. Majina sitataja.

Mume wangu alikuwa mchongaji. Wengine wenu mlimjua, yule mrefu asiye na maneno. Aliugua kifua, akaniacha. Sasa, mnajua nyumba ya matanga ilivyo. Mlango haufungwi. Mtu akiingia unampa mkono, unamwekea chai. Humuulizi yeye ni nani. Kumuuliza hivyo mtu aliyekuja kukupa pole ni kama kumfukuza.

Wakaingia wanaume wanne. Wakasema poleni. Mkubwa wao akauliza kama nambari ya geti ndiyo hii, na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akamwambia ndiyo, karibuni. Wakanywa chai. Walipomaliza, yule mkubwa akasema wamekuja kuchukua vitu.

Ndugu zangu, nawaambia, hakuna aliyeshtuka. Tulikuwa tunangoja lori litangulie Machakos, kwenye mazishi, na viti na masufuria, tukadhani ni wao. Mimi nilikuwa chumba cha pili na akina mama. Nilimsikia shemeji akiwaambia, "Hilo kabati ni zito, shikeni huku chini." Nilijiuliza kabati la nini kule, halafu nikaona si vizuri mjane kuingilia mipango ya wanaume. Nikanyamaza. Walibeba kabati, televisheni, na sanduku la patasi na tezo zake. Mama mmoja hata aliwafungia chapati za njiani.

Jioni lori letu likafika. Dereva akauliza vitu viko wapi. Tukaanza kuulizana.

Wale wanaume wanne walikuwa wameacha karatasi ya korti dirishani. Jina lililoandikwa lilikuwa la mpangaji aliyekaa vyumba vya nyuma, mtu aliyehama zamani na deni la duka. Nyumba zetu mnazijua. Mwenye nyumba ameongeza nyuma, ameongeza juu, milango ni saba, na nambari ni ile moja ya geti. Baadaye tulikumbuka barua iliyokuwa imechomekwa getini wiki iliyotangulia. Kila mtu aliona jina si lake, akapita.

Alhamisi asubuhi nilienda kwenye yadi ya dalali pamoja na shemeji. Nilimweleza dalali taratibu. Akasema, "Mama, anwani ni hii hii."

Nikamwambia, "Anwani ni ya nyumba. Deni ni la mtu."

Akaniuliza kama nina risiti ya kabati. Kabati lile mume wangu alilichonga kwa mikono yake mwenyewe, mbao za mvule, milango ina ndege wawili. Nani anajiandikia risiti? Nikamwambia basi abaki nalo, anifungulie tu nitoe suti, kesho namzika mwenyewe. Aliangalia chini. Akasema vitu vikishaingia yadi ni vya korti, na mwenye ufunguo wa stoo ameenda Eastleigh. Tulingoja mpaka saa kumi. Hakurudi.

Ijumaa, mochari, shemeji alivua koti lake akamvika ndugu yake. Halikutosha. Mikono ya mume wangu ilikuwa mirefu, ya kazi ile, na mikono ya koti iliishia katikati. Nilimzika hivyo.

Niliporudi Nairobi nilifunga mlango, nikaweka na komeo. Sikumfungulia mtu. Nyinyi mlikuja, niliwasikia mkiimba pale nje, nikakaa kitandani. Kibarua changu cha usafi kiliisha kwa sababu sikuenda. Shemeji alikuja, akasimama nje akiomba msamaha, analia, mwanamume mzima. Nilimsikia kila neno na sikuinuka. Nisiseme uongo hapa. Nilimchukia kwa sababu ya lile neno, shikeni huku chini.

Mama mmoja wenu, na anajijua, hakubisha hata siku moja. Alikuja na sinia lake la minji, njegere za maganda, akakaa kwenye ngazi, akawa anamenya. Anamaliza, anaondoka. Kesho yake tena. Siku moja nikasikia akisema peke yake, "Hizi minji zimekuwa nyingi, na mikono ni yangu tu." Nikafungua. Nikakaa naye, tukamenya. Hakuniuliza kitu.

Yeye ndiye aliyenipeleka kortini kuandikisha pingamizi. Majirani wa ile milango mingine walikuja kueleza nani anaishi wapi. Hakimu alimuuliza dalali kama alithibitisha nani anaishi mle kabla ya kubeba.

Akajibu, "Walitukaribisha, mheshimiwa. Walitupa chai."

Na mimi pale ndipo moyo wangu ulipomwachia shemeji. Kumbe kosa lake lilikuwa ni kumkaribisha mgeni.

Hakimu aliamuru nirudishiwe. Televisheni na patasi zilikuwa zimeshauzwa. Niliambiwa nitalipwa, bado nangoja. Kabati halikupata mnunuzi. Likarudi, suti ikiwa mle mle, na ile pasi niliyoipiga.

Nawashukuru mliochanga nauli, mliosimama kortini, na mama wa minji. Nikiwa na la kuwaambia ni hili: msifunge milango yenu, lakini anayekuja kubeba kitu, muulizeni anamtafuta nani, kwa jina, hata kama mnalia. Na barua ikichomekwa getini kwa jina la aliyehama, msipite. Ipelekeni ilikotoka, mseme huyu haishi hapa.

Suti nilimpelekea shemeji, kwa sababu koti lake liko Machakos, chini ya ardhi. Aliikataa, nikaiacha kitini kwake.

Leo asubuhi mlango wangu ulibishwa. Nikauliza ni nani. Akataja jina lake. Nikafungua, na alikuwa amevaa ile suti, mikono ya koti ameikunja mara mbili ili vidole vitokee.