Historia ya Dada Yetu, Mkuu wa Huduma za Kompyuta

Dada yetu, ambaye kazini walimwita Mama Mitambo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1978, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu stashahada ya kompyuta mwaka 1995, wakati sisi wadogo zake tukidhani kompyuta ni aina ya televisheni.

Mwaka 1996 aliajiriwa na shirika la maji kama karani wa takwimu, akapanda hadi kuwa mkuu wa huduma za kompyuta mwaka 2009, mwenye dhamana ya kununua programu zote, kazi aliyoifanya kwa utaratibu wake mwenyewe, kwamba muuzaji aiache programu, aende zake, na watu wa kaunta waitumie mpaka waivuruge, kwani kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, naye hakuwa tayari kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Wauzaji walimnunia, watu wa kaunta walimpenda.

Tarehe 9 Septemba 2000 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti na mvulana.

Machi 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini, daktari akamtaka apumzike, lakini kilichomnyima usingizi ni kwamba mfumo mzima wa shirika ulikuwa kichwani mwake peke yake. Hivyo kila Ijumaa alichukua ruhusa, akazima simu makusudi, ili vijana wake wa kazini wahangaike wenyewe. Ijumaa ya kwanza mfumo uligoma, kaunta zikafungwa mpaka alasiri, mkurugenzi akafoka, naibu wa dada akaja kugonga mlango, shemeji akaagizwa aseme mgonjwa amelala, kumbe mgonjwa yuko nyuma ya pazia anauma kucha. Sisi tulimkasirikia, tukasema anajimaliza kwa kazi ya watu, na hasira hiyo bado tunayo.

Alifariki hospitalini alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Juni 2024. Asubuhi hiyo hiyo mfumo wa shirika ulizima, vijana wakaurudisha kabla wateja hawajaanza kulalamika, na naibu wake, ambaye hakuwa na habari ya msiba, akampigia simu, safari hii si kuuliza, bali kumwambia kwamba wameweza. Simu ilipokewa na shemeji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotulelea watoto, na wafanyakazi wenzake, hasa vijana wale.

Dada, mashine zinafanya kazi. Sasa pumzika kwa amani.