Kolekole wa Redioni

Muuza chambo alipanda basi na ndoo yake ya ngisi, akakaa nyuma ya wanaume wawili waliokuwa wakirushiana maneno. Mmoja alikuwa kinyozi, uso umebabuka kwa jua, sanduku la barafu magotini. Wa pili, muuza chambo alimtambua kwa sauti: ndiye mtangazaji asomaye habari za uvuvi redioni kila asubuhi.

"Kiangazi chote unatuambia bahari shwari, kolekole wanagombania ndoana," kinyozi alifoka. "Nimeshinda juani, mawimbi yananirusha kama mpira, na nilichovua ni hiki!" Akafunua sanduku. Ndani mlikuwa na ndala moja, ya mguu wa kushoto.

"Usinilaumu mimi, kaka. Mimi nikiiona bahari tu natapika. Ila nina mtu wangu wa kuaminika kule gatini, anauza chambo. Kila jioni nampigia, ananipa hali halisi."

Muuza chambo akavuta kofia hadi puani. Hali halisi! Yeye huisikia redioni asubuhi, huitia chumvi kidogo ili ngisi wake wanunuliwe, na jioni humrudishia mtangazaji habari yake mwenyewe.

"Basi mpigie sasa hivi, nimsikie!"

"Nampigia."

Muuza chambo alikurupuka na ndoo yake kuelekea mlangoni, ingawa kwake kulikuwa bado mbali. Basi likasimama. Simu ikalia mfukoni mwake, naye kwa mazoea akaipokea: "Leo kolekole wanakula balaa, kaka! Waambie watu wawahi!"