Vidonge vya Mama Haddy

Kwenye kivuko cha kwenda Banjul nilikaa nyuma ya Mama Haddy, muuza samaki, na Sarjo, fundi cherehani. Walikuwa wametoka kugundua kwamba wote wamo kwenye utafiti wa dawa mpya ya presha. "Nusu yetu tunapewa dawa, nusu vidonge vitupu," alisema mama. "Eti hata daktari hajui nani kapewa nini. Unaamini hayo?"

"Acha wasiwasi, mama. Wangetaka tufe, wangehangaika kutupima?"

"Presha yako imeshuka?"

"Sana tu."

"Yangu imegoma. Basi tubadilishane vidonge, mwanangu, maana wewe unawaamini."

Sarjo alicheka, mama hakucheka, alinyoosha mkono. Kivuko kilipogonga gati, mkono wa mama ulikuwa bado umenyooshwa, na Sarjo ameubana mfuko wake wa vidonge kwapani.