Jumamosi za Dada Winifred

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, sogezeni viti. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko dukani, mhudumie huyo mteja kisha urudi kwangu. Leo tunamkumbuka Winifred Mukagasana, mlezi wa vijana wa kanisa moja dogo hapa Remera, Kigali. Ametutoka Jumanne, nyumbani kwake Kibagabaga, baada ya kuugua kwa muda. Wengi mlimjua kama Dada Winifred. Hata alipopata wajukuu alibaki kuwa Dada, na ole wako umwite Bibi.

Nawarudisha nyuma, mpaka mwaka 1994. Winifred alizaliwa na kukulia Karagwe, Tanzania, katika familia ya wakimbizi Wanyarwanda. Mwezi wa tisa mwaka ule akarudi nyumbani. Nasema alirudi, ingawa nchi hii alikuwa hajawahi kuitia machoni. Ilikuwa miezi michache tu baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Alikuja na mdogo wake Eddie, godoro, ngoma ya kwaya, na filimbi aliyokuwa akipulizia mechi za netiboli.

Eddie bado anaikumbuka ile ngoma. "Tuligombana njiani," anasema. "Nilimwambia, dada, tuache ngoma tubebe sufuria ya pili. Akasema sufuria tutaazima kwa majirani, ngoma nani atatuazima?"

Kanisa walilolikuta Remera lilikuwa na madirisha yasiyo na vioo. Mchungaji naye alikuwa mgeni, ametoka Uganda. Alipomwona huyu dada mwenye sauti ya uwanjani, akamkabidhi vijana papo hapo. Kila Jumamosi alasiri awe nao, awafundishe nyimbo, awachezeshe, kisha awaongoze katika ibada. Afanye kama walivyokuwa wakifanya kule Karagwe. Na Winifred, wasikilizaji wapendwa, akafanya kama kule kule. Kosa lake lilianzia hapo.

Kule Karagwe kulikuwa na desturi. Kijana mgeni akija, anasimama mbele ya wenzake. Anataja jina lake. Anasema yeye ni mtoto wa nani, na anakaa na nani. Wenzake wanampigia makofi, ngoma inalia, basi, ameshakuwa wa kwao. Kwa wakimbizi lilikuwa jambo tamu sana. Mtu aliyepoteza nchi alikuwa angalau na wazazi wa kuwataja.

Jumamosi ya kwanza vijana walikuja wengi. Waliotoka Uganda na Tanzania walisimama upesi, wakajitambulisha kwa utani, makofi yakalia. Kisha zamu ikafika benchi la karibu na mlango. Hapo walikaa vijana waliokuwa hapa hapa Kigali wakati wa mauaji. Akasimama msichana wa miaka kumi na sita. Akasema anaitwa Kamikazi, akanyamaza.

Winifred alidhani ni haya. Akamtia moyo kwa kicheko. Haya mrembo wetu, wewe ni mtoto wa nani, unakaa na nani? Kamikazi akatazama sakafu. Akatazama mlango. Akatoka, na wenzake wa benchi lile wakatoka nyuma yake. Aliyekuwa akipiga ngoma akaacha.

Hapo ndipo Winifred alipoelewa alichokuwa ameuliza. Eddie anasema dada yake alirudi nyumbani hakula, hakuongea, na kwa Winifred kutoongea ulikuwa ugonjwa mkubwa kuliko kutokula. Hakumlaumu mtu. Alijilaumu mwenyewe, na alikuwa na haki ya kujilaumu.

Akamtafuta yule msichana. Akamkuta nyuma ya maduka ya Remera, kwa mama mmoja mzee aitwaye Kabagwira, anachambua maharage. Kabagwira hakuwa ndugu yake. Walikutana tu, baada ya mauaji, mama mzee akamchukua. Winifred akaketi chini, akaomba radhi. Kamikazi akamjibu bila kuinua macho.

"Mimi sikukasirika, Dada. Uliuliza nakaa na nani. Kwetu Kimisagara nyumba ilijaa watu. Sasa iko mimi tu. Nilishindwa kuisema."

Alipomsindikiza mgeni barabarani, Kabagwira akaongeza jambo lingine. "Huyu mtoto halali, wangu. Usiku anakaa anaangalia mlango. Hata mchana, kama iko watu, hafungi macho. Anawaogopa watu wote, hata mimi."

Winifred hakuahidi kitu. Lakini kuanzia siku ile alitaka jambo moja: Kamikazi aweze tena kukaa katikati ya watu bila kuogopa. Nalirudia, wasikilizaji wapendwa. Hakutaka aimbe, hakutaka ashuhudie. Alitaka akae tu na watu bila hofu, na kwa ajili hiyo akaigeuza Jumamosi yake yote juu chini.

Kujitambulisha kukafutwa. Filimbi ikatiwa ndani ya sanduku. Sasa vijana wakifika wanakuta kazi inawasubiri. Huyu anateka maji, yule anafagia, wengine wanabandika plastiki madirishani au wanachambua maharage ya chakula cha jioni. Kazi ya mikono haimuulizi mtu habari za kwao. Ibada ikafuata, nayo ilikuwa fupi: aya moja, wimbo, sala. Kisha watu wanakula. Eddie anacheka akikumbuka. Dada aliyeongea kutoka Karagwe mpaka mpakani bila kumeza mate, sasa anaongoza ibada utadhani analipia maneno.

Kamikazi akarudi. Mwanzoni alisimama nje, karibu na dirisha. Juma lingine akasogelea maharage. Baadaye akaingia, akakaa benchi lile lile la mlangoni. Haimbi, haongei, macho wazi. Lakini alikuwa amekuja, na Winifred alikuwa akimpita pale kama vile hajamwona, moyo ukimruka kwa furaha.

Mchungaji hakufurahia. Si kwamba alikuwa mtu mbaya, jamani, tusimwonee. Kanisa alilokulia kule Uganda lilikuwa kanisa la ushuhuda, na kwake mtu aliyeokoka na asimshuhudie Mungu alikuwa kama mtu anayeficha taa. Mwezi wa kumi na mbili wazee kutoka makanisa mengine walikuwa waje kulitembelea kanisa siku ya Jumamosi. Mchungaji akataka vijana walionusurika wasimame mbele yao waseme Mungu aliwavushaje. Akamtaja Kamikazi kwa jina.

Winifred akakataa. Mchungaji akamwambia kwa upole, lakini kwa neno lisilo na mjadala, kwamba kama hawezi, Jumamosi zitapewa mtu mwingine. Winifred aliporudi nyumbani alilia. Eddie alikuwapo, na maneno haya anayashika mpaka leo.

"Nikimsimamisha nitampoteza yeye, Eddie. Nisipomsimamisha nitawapoteza wote."

Alifikiri amwombe msichana taratibu, aseme maneno mawili tu. Alifika hata mlangoni kwa Kabagwira. Akageuza, akarudi.

Jumamosi ile mvua ilinyesha. Wageni wakachelewa, kama wageni wote wa heshima. Winifred hakusubiri. Maharage yalikuwa jikoni, plastiki za madirishani zinapigwa na upepo, akaanza ibada. Viti vya mbele vilikuwa vimetengwa kwa ajili ya wazee, kwa hiyo yeye mwenyewe akakaa benchi la mlangoni, pembeni ya Kamikazi. Vijana wakaanza wimbo wa taratibu.

Katikati ya wimbo Winifred akahisi uzito begani. Akageuka kidogo. Kamikazi alikuwa amelala. Amelala kabisa, mdomo wazi, kichwa begani kwake, katikati ya watu wote wale.

Winifred akashusha kiganja taratibu. Vijana wakaona, wakapunguza sauti, wakapunguza tena, mpaka wimbo ukaisha wenyewe. Hakuna aliyesimama. Na hapo hapo mlango ukafunguliwa, mchungaji akaingia na wazee wake, miavuli inachuruzika maji. Akafungua kinywa awasalimie vijana kwa jina la Bwana.

Winifred akaweka kidole mdomoni. Mlezi wa vijana anamnyamazisha mchungaji, mbele ya wazee, ndani ya kanisa lake! Alijua vizuri anachofanya. Alijua pia kwamba pengine ndiyo Jumamosi yake ya mwisho. Akaelekeza kwa macho, begani kwake.

Mchungaji akatazama. Alikuwa akimjua yule msichana, na habari za kutolala kwake Kabagwira alikwisha kumpa. Kisha akawageukia wazee akawanong'oneza, na wazee wa watu wakaketi popote walipopata, na suti zao zilizolowa, miavuli mapajani. Ibada ya siku ile ikawa hiyo. Mvua ikanyesha. Maharage yakaanza kuungua, harufu ikaingia mpaka kanisani, na hakuna aliyekwenda kuyaepua.

Kamikazi leo ni mama wa watoto watatu. Winifred alimchukua mwaka uliofuata, akamlea, akamwoza, na Jumamosi zake hazikupewa mtu mwingine mpaka alipoziacha mwenyewe. Juzi nilikwenda msibani Kibagabaga, nikamuuliza Kamikazi nini kilitokea alipoamka.

"Niliona wazee wamekaa kimya, wote wananiangalia," aliniambia. "Nikafikiri iko mtu amekufa. Nikamuuliza Mama, nini? Akasema hakuna kitu, ulilala. Basi nikalala tena."

Kwa Kamikazi, kwa Eddie, kwa wajukuu, na kwa vijana wote wa Remera ambao leo nao wana mvi: poleni sana. Mwihangane, vumilieni. Msiba huu ni wetu pia, na Mungu ampumzishe Dada mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, fikiri kidogo. Pengine nyumbani kwako, au kwenye benchi lako kanisani, kuna mtu aliyenyamaza. Una maswali mengi ya kumuuliza, na mazuri tu. Yaache kwanza. Nenda ukakae karibu naye.