Nyumba Tulivu ya Saa Nne

"Fundi, achana na mabomba, njoo tuuze nyumba," dalali aliyefunga tai alimwambia jirani yake, kwenye kiti kilichokuwa mbele yangu ndani ya treni. Fundi akacheka. "Lile ghorofa lenu? Niliwaambia wekeni mabomba ya chuma cha kusubu, yako kimya. Mkaweka plastiki! Wa juu akivuta maji ya choo, wa chini anasikia mvua, anakimbilia mwavuli."

"Ndiyo maana wateja nawapeleka saa nne asubuhi, wa juu wakiwa kazini. Leo nina mzee mstaafu, anatafuta utulivu."

"Mwambie ukweli, ndugu yangu. Mzee wa watu atahamia humo!"

"Masikio ya mzee yatasikia nini?"

Yangu yalikuwa yanasikia vizuri mno. Treni iliposimama, dalali akapiga simu kumhimiza mteja wake. Ikaita mfukoni mwangu.