Kilichompata Sista Clotilda wa Wodi ya Wazazi

Mgeni rasmi, sisi wauguzi wa wodi ya wazazi tunakukaribisha kwa heshima katika sherehe yetu. Umetukuta tumepiga pasi sare na kupamba ukumbi, lakini tuliyoandaa kukusomea si ya furaha. Utuwie radhi.

TULIKOTOKA
Wodi hii ilianza ikihudumia mitaa ya Kariakoo tu. Leo tunapokea wajawazito kutoka Buguruni mpaka ng'ambo ya kivuko cha Magogoni. Vitanda vimeongezwa. Sisi hatujaongezwa.

MAFANIKIO
Akina mama wengi wametoka hapa salama na watoto wao. Wengi walipita mikononi mwa mwenzetu, Sista Clotilda.

CHANGAMOTO
Machi mwaka huu, muuguzi aliyepangwa zamu na Clotilda alihamishiwa wodi nyingine asubuhi hiyohiyo. Clotilda akabaki peke yake. Mchana, akiwa anamzalisha mama mmoja, mwingine aitwaye Zamda akaanza kutokwa damu nyingi. Clotilda alipomfikia alipambana, Zamda akapona. Mtoto wake hakuwahiwa, akafariki.

Alimfunika yule mtoto, akakaa na Zamda mpaka mama huyo alipoishiwa machozi. Kisha akatoka, akaketi kwenye benchi la korido, akafumba macho. Ndugu wa mgonjwa mwingine akamrekodi kwa simu: "Manesi wetu hawa, wamelala!" Video ikasambaa mjini kote. Uongozi ukamsimamisha kazi bila kumuuliza kitu.

Baadaye ilionekana hana kosa, akaitwa. Alivaa sare, akafika getini, akashindwa kuingia. Akarudi nyumbani.

Tulimfuata Kariakoo, anakouza vitenge dukani kwa shangazi yake. Mwenzetu Ritha alimwambia, "Dada, rudi basi. Tumekumisi."

"Mdogo wangu," alijibu, "nikisikia kichanga kinalia, moyo unanienda mbio. Kisipolia ndiyo kabisa."

MAOMBI
Hatuombi arudishwe. Amekataa, na tumemwelewa. Tunaomba muuguzi asiachwe peke yake na wodi nzima. Tunaomba mtu wa kuzungumza naye tunapofiwa na mgonjwa, maana sasa hivi tunanawa mikono na kwenda kitanda kinachofuata. Na ukiletewa video ya muuguzi aliyeketi, tunaomba uulize kwanza alikuwa zamu na nani.

Usichelewe, mgeni rasmi. Ritha, anayekusomea risala hii, naye ameanza kuulizia fremu ya duka.

Mungu akurudishe kwako salama, awape nguvu wazazi waliolazwa humu, na amfariji Zamda.

Ni sisi,
Wauguzi wa Wodi ya Wazazi