Ndoo Mbili na Joto la Bahari

Mheshimiwa Mkurugenzi, Nahodha wa meli ya utafiti, ndugu wageni waalikwa, wenzangu wa gatini, na mke wangu, ambaye nilimwambia asije na amekuja:

Katika kuagwa huku kwa kustaafu, nimesifiwa mpaka nikageuka nyuma nione anayesemwa ni nani. Nilianza hapa kama mfagiaji. Baadaye, kwa miaka thelathini na moja, kila asubuhi nimeteka maji ya bahari kwa ndoo, nikatumbukiza kipimajoto, nikaandika. Leo Mheshimiwa ametangaza kwamba kumbukumbu rasmi zitaanza na mashine mpya, na madaftari yangu yaende stoo, kwa kuwa hayaaminiki.

Je, hayaaminiki? Kinachoniuma ni kwamba kuna ukweli humo. Mwaka wa kumi na mbili ndoo ya turubai ilipasuka, nikaleta ya plastiki, nisiandike popote. Nani huandika habari za ndoo? Mwaka jana mpimaji wa melini, alipopitia madaftari yangu, akaniuliza, "Mzee, joto la bahari linapandaje ghafla kwa siku moja? Iliugua homa?" Nikacheka naye. Nyumbani nikamsimulia mke wangu.

Akashona ndoo ya turubai kama ile ya zamani, huku akisema, "Miaka yote hiyo, mume wangu, na ndoo ndiyo imekushinda?" Asubuhi sitini nikateka kwa zote mbili. Turubai huvuja unyevu, upepo ukayapoza maji: ilisoma chini ya ile ya plastiki kwa nyuzi sifuri nukta tatu. Madaftari yanasema bahari hapa imepanda nyuzi moja nukta mbili. Toa kosa langu, inabaki sifuri nukta tisa. Hiyo si ya ndoo.

Lakini Nahodha, kwa miaka hiyo hiyo, kule mbali baharini amepata nukta tano tu. Kwa nini pwani ipate joto kuliko kilindini? Ni kina kifupi cha maji? Ni mkondo uliohama? Au ni mimi tena, na kosa jingine nisilolijua? Nimepiga hesabu mbele na nyuma, na bado sijui. Mashine nayo haijui; haikuwepo.

Mheshimiwa, saa ya ukutani mliyonizawadia nimeipokea, lakini haja yangu ni nyingine. Madaftari yaingie kwenye kumbukumbu, na kosa langu liandikwe ukurasa wa kwanza. Mashine na ndoo vipime pamoja mwaka mzima. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, mstaafu huyu atakuwa getini na ndoo zake mbili.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Mlinzi wa geti amekaa pale nyuma. Tafadhali mwambieni kama kesho anifungulie au asinifungulie, kabla hatujatawanyika.